Samaki Wadogo wa Sharubu katika Mito ya Nyanda za Kati: Aina Zao na Makao Yao

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika daftari za vyama vingi vya Mkoa wa Dodoma, kila samaki mwenye sharubu na asiye na magamba huandikwa kwa neno moja tu: kambare. Akiwa mkubwa huitwa kambare; akiwa mdogo wa urefu wa kidole huitwa kambare mdogo, au mtoto wa kambare, na mara nyingi haandikwi kabisa. Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo moja linafunika samaki wa koo mbalimbali, wenye makao mbalimbali na mahitaji yasiyofanana. Baadhi yao hawatakuwa kambare hata wakifugwa miaka kumi, kwa sababu wao ni wazee tayari katika udogo wao.

Huenda ikaulizwa: jambo hili linauhusu vipi ushirika, ambao kazi yake ni mazao, mikopo na masoko? Linauhusu kwa njia tatu. Kwanza ni fedha, kwa kuwa vyama na vikundi vingi sasa vinachimba mabwawa na kununua vifaranga vya samaki; na anayenunua bila kujua anachonunua hununua hasara. Pili ni rekodi, kwa kuwa takwimu za mavuno ya samaki haziwezi kuwa za kweli ikiwa aina nne zimeandikwa kwa jina moja. Tatu, na hili ndilo kubwa, ni kwamba mmoja wa samaki hao wadogo ameandikwa katika vitabu vya elimu ya viumbe ya dunia nzima kwa jina alilopewa kutokana na mto wa mkoa huu. Samaki huyo anaweza kupotea bila mwanachama yeyote kujua kwamba alikuwapo. Wahenga wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

DAFTARI LA SAMAKI

Kila katibu anajua namna rejista ya wanachama inavyotunzwa. Mwanachama ana namba yake, jina lake na la baba yake, kijiji chake na tarehe aliyojiunga. Wanachama wawili wakiitwa Juma, haifai kuandika "Juma" tu, maana siku ya malipo patakuwa na ugomvi.

Wataalamu wa viumbe nao wana rejista yao. Utaratibu wake uliwekwa na Carl Linnaeus wa Sweden, na kwa upande wa wanyama hesabu ya majina huanzia toleo la kumi la kitabu chake, lililotoka mwaka 1758. Kila aina ya mnyama hupewa majina mawili. La kwanza ni la jamii yake, yaani kundi la aina zinazokaribiana sana. La pili ni la aina yenyewe. Jamii kadhaa huunganishwa kuwa ukoo, na koo kadhaa kuwa kundi kubwa zaidi. Kundi kubwa la samaki wote wa namna ya kambare huitwa Siluriformes, nalo lina zaidi ya aina 3,000 duniani, walio wengi wakiishi katika maji baridi.

Samaki wa kundi hilo hujulikana kwa alama mbili ambazo mvuvi yeyote huziona. Hawana magamba ya kawaida, na wana sharubu kuzunguka mdomo. Sharubu hizo si pambo. Kwa hizo samaki hupapasa na kuonja, naye hupata chakula chake usiku au katika maji ya tope ambamo macho hayafai kitu.

Baada ya alama hizo mbili, tofauti ni nyingi. Katika Tanzania kuna jamii ambazo samaki wake hukua hadi kumshinda mtu kubeba, na kuna nyingine ambazo samaki wake wakubwa kabisa wanatosha kiganjani, watano kwa pamoja.

NAMNA YA KUWATAMBUA

Katibu hahitaji darubini wala chuo kikuu ili kutenganisha makundi makuu ya samaki hawa. Anahitaji sahani nyeupe yenye maji kidogo, mwanga wa jua, na subira ya kutazama mambo matatu: idadi ya sharubu, umbo la mapezi ya mgongoni, na mdomo.

Kambare wa kawaida, ambaye jina lake katika rejista ya dunia ni Clarias gariepinus, ana jozi nne za sharubu, yaani nane. Pezi la mgongo wake ni moja, refu, laini, lisilo na mwiba, linaloanza nyuma ya kichwa na kufika karibu na mkia. Kichwa chake ni kipana na kigumu kama kofia ya mfupa. Alama hizi huonekana tangu akiwa mdogo wa sentimita chache. Kwa hiyo mtoto wa kambare hufanana na kambare, na hapo ndipo jawabu la swali lote lilipo: samaki mdogo asiye na pezi hilo refu si mtoto wa kambare.

Samaki wadogo wa mchangani, wa jamii iitwayo Zaireichthys, ambao ni wa ukoo wa Amphiliidae, wana jozi tatu tu za sharubu, yaani sita. Pezi la mgongo ni fupi, lipo mbele, nalo limetanguliwa na mwiba. Nyuma yake, karibu na mkia, kuna pezi jingine la nyama lisilo na mifupa. Kichwa ni cha mviringo, kimelazwa chini, na macho yametazama juu. Mwili una rangi ya mchanga, na mara nyingi una madoa. Urefu wa mtu mzima ni sentimita tatu au nne hivi.

Wa ukoo huohuo wa Amphiliidae ni jamii ya Amphilius, samaki wa vijito vya milimani. Hao ni wakubwa kidogo kuliko wa mchangani, wembamba, na pezi lao la mgongo halina mwiba mkali. Aina iitwayo Amphilius uranoscopus ilielezwa mwaka 1889 na Georg Pfeffer wa Hamburg, kutokana na samaki waliotoka mashariki mwa nchi hii.

Kundi la nne ni la jamii ya Chiloglanis, wa ukoo wa Mochokidae. Huo ndio ukoo wa ngogo, yule samaki mwenye miiba anayelia akitolewa majini. Lakini Chiloglanis ni mdogo, na alama yake haina mfano: midomo yake imepanuka na kuungana kuwa duara kama kikombe, na kwa duara hilo hujigandamiza juu ya jiwe, hata maji yakienda kasi namna gani. Jamii hii ilielezwa mwaka 1868 na Wilhelm Peters wa Berlin, na aina yake ya kwanza ilipewa jina la Karl Klaus von der Decken, msafiri Mjerumani aliyeuawa kando ya mto Juba mwaka 1865.

Ndugu Makatibu, hesabuni basi: sharubu nane na pezi refu, kambare, sharubu sita, mwiba mbele na pezi la nyama nyuma, samaki wa mchangani, mwili mwembamba usio na mwiba mkali mgongoni, Amphilius, midomo ya duara, Chiloglanis. Mambo hayo yanaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa ukutani pa ofisi ya chama.

MAKAO YAO: TOPE, MCHANGA NA MAWE

Kugawanyika kwa samaki hawa hakuko katika vitabu tu. Kila kundi lina namna yake ya sakafu ya mto, na umbo la mwili limefuata sakafu hiyo.

Kambare ni samaki wa tope na maji yaliyotuama. Juu ya mashavu yake ana kiungo cha kuvutia hewa, chenye matawi kama mti mdogo, kinachomwezesha kupumua hewa ya juu. Kwa sababu hiyo huishi katika dimbwi ambalo samaki wengine wamekufa, huweza kutambaa usiku juu ya majani yenye umande kutoka dimbwi hadi dimbwi, na kiangazi kikikaza hujificha ndani ya tope. Ndiyo maana eneo oevu la Bahi, ambalo hujaa miaka ya mvua nyingi na kukauka miaka ya ukame, halijawahi kuwatisha kambare. Tena kambare jike mkubwa hutaga mayai maelfu kwa maelfu wakati wa mafuriko. Msimu mmoja mwema hujaza tena nafasi ya waliopotea.

Samaki wa mchangani hana lolote kati ya hayo. Hana kiungo cha kupumulia hewa. Huishi katika maji machache yanayotembea juu ya mchanga safi, na akishtuka hujizika ndani ya mchanga na kuacha macho tu. Chakula chake ni viluwiluwi na wadudu wadogo wa majini. Mayai ya jike ni machache, ingawa kila moja ni kubwa kwa kulinganisha na mwili wake. Uzazi wa namna hiyo unatosha mahali palipo na utulivu, lakini hauwezi kurudisha upesi kile kilichoharibiwa. Kwa lugha ya ushirika, kambare ni mfanyabiashara wa mtaji mkubwa anayeweza kula hasara na kuanza upya. Samaki wa mchangani ni mkulima wa ekari moja, ambaye msimu mmoja mbaya humfilisi.

Chiloglanis na Amphilius ni samaki wa mawe. Wanataka maji ya kasi, yenye hewa nyingi, yanayopasuka juu ya miamba. Katika nchi tambarare ya Dodoma makao ya namna hiyo ni machache, nayo hutafutwa pembeni, kwenye vijito vinavyoshuka vilimani. Mahali ambapo miamba na maji ya kasi ni vingi, aina huwa nyingi pia. Mwaka 2011 wataalamu John Friel na Thomas Vigliotta walieleza aina tatu mpya za Chiloglanis kutoka mto Malagarasi wa chini na mto Luiche, magharibi mwa Tanzania. Mojawapo iliitwa Chiloglanis igamba, kwa jina la maporomoko ya Igamba. Aina tatu kwa mara moja, katika mito ambayo watu wameivua tangu enzi za mababu! Hii yaonyesha kwamba daftari la samaki wa nchi hii bado lina kurasa nyeupe.

MITO YA DODOMA NA NJIA ZAKE TATU

Ili kuelewa jambo linalofuata, yafaa kukumbuka namna maji ya mkoa huu yanavyogawanyika. Dodoma imekaa juu ya uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, na hupata msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwezi Desemba hadi Aprili hivi. Maji yanayoanguka hapo huenda njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya mashariki. Mto Kinyasungwe, ambao kwenye tawi lake moja limejengwa bwawa la Hombolo, huelekea mto Wami na hatimaye Bahari ya Hindi. Njia ya pili ni ya kusini. Mto Kizigo huingia Mtera, penye bwawa lililokamilika mwaka 1980, na maji yake hujiunga na Ruaha Mkuu na Rufiji, nayo pia huishia baharini. Njia ya tatu ni ya mto Bubu. Huu hutoka nyanda za juu za kaskazini, hupita katika nchi ya Warangi, hupakana na nchi ya Wasandawe, kisha huingia Ugogo na kuishia katika eneo oevu la Bahi. Maji ya Bubu hayafiki baharini. Hunywewa na ardhi na jua.

Maana yake kwa samaki ni kubwa. Samaki wakipotea katika kijito kimoja cha Wami au Rufiji, huenda wengine wakapanda kutoka kijito cha jirani cha mto huohuo. Lakini Bubu umefungwa. Samaki wadogo wasioweza kutembea nchi kavu hawana mlango wa kuingilia kutoka Wami wala kutoka Rufiji. Wakipotea Bubu, hakuna wa kuwarithi.

SAMAKI WA BUBU

Kati ya mwaka 1893 na 1895, Oscar Neumann, Mjerumani aliyejulikana zaidi kwa elimu ya ndege, alisafiri katika Afrika Mashariki akikusanya wanyama wa kila namna kwa ajili ya makumbusho. Samaki aliowakusanya walifika Berlin, mikononi mwa Franz Hilgendorf, mtunzaji wa samaki katika makumbusho ya huko. Maelezo ya Hilgendorf yalichapishwa mwaka 1905, yeye mwenyewe akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Miongoni mwa samaki hao alikuwamo mdogo wa mchangani kutoka mto Bubu. Hilgendorf alimpa jina Gephyroglanis rotundiceps. Neno la pili maana yake ni "mwenye kichwa cha mviringo".

Tangu hapo samaki huyu amekuwa kama mwanachama anayehamishwa kutoka chama kimoja hadi kingine. Kwa miaka mingi aliwekwa katika jamii ya Leptoglanis, na jamii hiyo ikahesabiwa katika ukoo mwingine kabisa. Baadaye mifupa ya samaki hao ilipochunguzwa upya, walihamishiwa ukoo wa Amphiliidae. Naye rotundiceps akaingizwa katika jamii ya Zaireichthys, iliyokuwa imeundwa na Tyson Roberts mwaka 1967 kwa samaki wa mto Kongo, ambao jina lake jingine la zamani ni Zaire. Leo huitwa Zaireichthys rotundiceps. Tazameni kwamba jina la jamii limebadilika mara mbili, lakini jina lake mwenyewe halikubadilika. Ndivyo rejista njema inavyotakiwa kuwa: chama kinaweza kubadilika, mwanachama habadilishwi kuwa mtu mwingine.

Palitokea pia kosa la upande wa pili. Kwa kuwa samaki hawa wote ni wadogo na wanafanana, wataalamu walizoea kuliita kila samaki wa mchangani rotundiceps, kuanzia Afrika Mashariki hadi mito ya kusini mwa bara hili. Ikaonekana kana kwamba ni samaki mmoja aliyeenea kila mahali, asiye na hatari yoyote. Mwaka 2011 David Eccles, Denis Tweddle na Paul Skelton walichapisha uchunguzi wao, na ndani yake wakaeleza aina nane mpya za Zaireichthys zilizokuwa zimechanganywa na nyingine. Hivyo yule aliyedhaniwa kuwa mmoja ni wengi. Jina rotundiceps limerudi kwa mwenyewe, yaani samaki wa Bubu na wale watakaothibitishwa kuwa sawa naye.

Ndugu Wanachama, hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Ikiwa samaki ni mmoja tangu Kondoa hadi kusini mwa Afrika, kupotea kwake katika kijito kimoja ni jambo dogo. Lakini ikiwa kila mto una wake, basi mto Bubu ndio nyumba ambayo samaki huyu ameandikishwa, na jukumu la nyumba hiyo ni la wale wanaoishi kando yake.

MAMBO YANAYOWAHATARISHA

La kwanza ni mchanga wenyewe. Historia ya ardhi ya Kondoa inajulikana na wengi. Vilima vya Irangi vilimomonyoka kwa muda mrefu, makorongo yakafunguka, na udongo ukashuka mitoni. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kama HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika la Kondoa ili majani na miti viote tena. Kazi hiyo ililenga mashamba na malisho, lakini iliwafaa samaki pia. Samaki wa mchangani anataka mchanga safi wenye nafasi kati ya punje na punje. Udongo laini ukishuka kutoka mashamba yasiyo na makingamaji, huziba nafasi hizo. Mchanga hugeuka saruji, na samaki hana pa kujizika wala pa kutaga.

Leo limezidi jingine, nalo ni uchimbaji wa mchanga wa kujengea. Mji wa Dodoma, uliochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, umepanuka kwa kasi tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa vitendo mwaka 2016. Nyumba hazijengwi bila mchanga, na mchanga hutoka mitoni. Hakuna anayesema nyumba zisijengwe. Linalosemwa ni kwamba mchanga ukichimbwa hadi kufikia mwamba au udongo wa mfinyanzi, maji yanayohifadhiwa chini yake nayo hutoweka. Visima vya mchangani ambavyo akina mama na wafugaji huchimba wakati wa kiangazi hukauka mapema. Samaki na mwanadamu hapa wanategemea ghala moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto pale zinapoweza kuuharibu, na mchanga huchimbwa kwa kibali tu.

La pili ni uvuvi wa kuangamiza. Mgono na ndoana havimgusi samaki wa sentimita nne. Lakini chandarua humkokota yeye pamoja na mayai ya wengine, na utupa uliopondwa na kutiwa katika dimbwi la kiangazi huua kila kilichomo, wakati ule hasa ambapo samaki wa mto mzima wamekusanyika katika madimbwi machache. Anayetia utupa katika dimbwi la Agosti amevua pia mavuno ya mwaka unaofuata. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 imekataza kuvua kwa sumu.

La tatu ni kuhamisha samaki bila ushauri. Kambare ni mwindaji. Akiingizwa katika vijito vya juu ambamo hakuwamo, hula wadogo wote. Nchi imekwisha kupata fundisho kubwa la jambo hili. Sangara walipotiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, walileta biashara kubwa ya minofu, lakini aina nyingi sana za samaki wadogo wa ziwa hilo zilitoweka. Faida ilihesabiwa, hasara haikuhesabiwa, kwa sababu waliopotea wengi walikuwa hawajaandikwa jina.

La nne ni mabwawa. Mto Bubu ndio uliochaguliwa kwa mradi wa bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, unaokusudiwa kuipatia Dodoma maji. Maji ni uhai na mji unayahitaji. Hata hivyo, bwawa hugeuza mto wa mchanga kuwa ziwa la tope, na kubadilisha maji ya chini yake. Kambare atalifurahia, samaki wa mchangani hataweza kuishi ndani yake. Kwa sababu hiyo sehemu za mto zilizo juu ya bwawa, zenye mchanga na maji yanayotembea, zitakuwa na thamani zaidi.

WAJIBU WA VYAMA

Ushirika hauwezi kufanya kazi ya mtafiti, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania imekuwapo tangu mwaka 1980 kwa kazi hiyo. Lakini mtafiti hufika mtoni siku mbili au tatu kwa mwaka, na wanachama wako mtoni kila siku. Vyama vinashauriwa kutekeleza mambo yafuatayo:

1. Katika daftari la mapokezi ya samaki, safu ya "kambare" igawanywe. Kambare wa pezi refu waandikwe peke yao. Wadogo wa sharubu sita, pamoja na wale wa midomo ya duara, waandikwe kwa idadi, hata kama hawauzwi, pamoja na jina la kijito, tarehe, na namna ya sakafu: tope, mchanga au mawe.

2. Chama kinaponunua vifaranga vya kambare, vifaranga kumi vichukuliwe bila kuchagua na kutiwa katika sahani nyeupe mbele ya muuzaji. Kikionekana hata kimoja chenye pezi fupi lenye mwiba, shehena yote ikaguliwe kabla malipo hayajatolewa. Samaki wa mchangani akiwekwa bwawani hatakua. Chakula cha chama kitakwisha bure, naye mwenyewe atakufa.

3. Vifaranga visichukuliwe mtoni wala kuhamishwa kutoka bonde moja la mto hadi jingine, bila kibali na ushauri wa Afisa Uvuvi.

4. Vyama ambavyo wanachama wake wanachimba mchanga vihakikishe kuna kibali, vitenge sehemu za mto zisizoguswa, hasa zile zinazobaki na maji wakati wa kiangazi, na vitoe taarifa kwa Bodi ya Maji ya bonde linalohusika. Kwa mto Bubu, hiyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Kati.

5. Majina ya kienyeji ya samaki hawa yakusanywe kutoka kwa wazee, kwa Kirangi, Kisandawe, Kigogo na lugha nyingine za mkoa, yaandikwe pamoja na alama za samaki anayetajwa. Mara nyingi wazee hutofautisha samaki ambao daftari la ofisi limewachanganya.

Mambo hayo matano hayadai fedha nyingi. Yanadai kalamu, sahani moja, na uaminifu uleule unaotakiwa katika kupima pamba au zabibu.

Huenda mwanachama akauliza faida ya samaki asiyejaza kijiko. Jibu la kwanza ni kwamba yeye ni shahidi. Akiwapo, mchanga ni safi, maji yapo chini yake, na kisima cha kiangazi hakijafa. Akitoweka, ametangulia tu. Anayefuata ni ng'ombe, na baada ya ng'ombe ni mwenye ng'ombe. Jibu la pili ni la haki. Ushirika ulijengwa juu ya msingi kwamba mwenye hisa moja huhesabiwa sawasawa na mwenye hisa mia, kila mmoja kwa kura yake. Chama kinachohesabu wakubwa tu kimeacha kuwa chama cha ushirika.

Samaki wa Bubu ameandikwa Berlin tangu mwaka 1905. Haitakuwa heshima kwa vyama vya Dodoma ikiwa daftari la mwisho kumwandika litakuwa hilohilo la Berlin, na daftari za Kondoa, Chemba na Bahi zikabaki na neno "kambare" peke yake. Msimu wa mvua ukianza, maji yakipungua tope, kila katibu aliye karibu na mto na atume mtu na sahani nyeupe. Afungue ukurasa mpya, aandike alichokiona.